Baiskeli kwenye barabara tulivu za bonde la Lot, Ufaransa

Mto Lot, kusini-magharibi mwa Ufaransa, umechimba bonde lake katikati ya mawe ya chokaa, ukipinda huku na huku hadi unapoingia mto Garonne karibu na mji wa Aiguillon. Mkoa unaobeba jina la mto huo una kilomita za mraba 5,217 na wakazi wapatao 174,000 tu. Barabara zake ndogo zilijengwa kuunganisha mashamba, vinu vya nafaka na vijiji ambavyo zamani vilijaa watu. Watu wamepungua, lami imebaki. Ndiyo maana ukichagua vizuri unaweza kunyonga baiskeli kwa muda mrefu ukisikia cheni yako na maji ya mto basi.

Ila ukichagua vibaya, bonde hilo hilo litakupa malori. Anayetoka Cahors akifuata kibao cha kwanza atajikuta anabanwa ukingoni mwa barabara kuu, na njia tulivu iko ng'ambo ya mto, anaiona kwa macho lakini daraja lilishampita. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuiona njia hiyo mapema, ukiwa bado mezani na ramani.

Hatua ya 1: Jua bonde lilivyokaa

Bonde lina ngazi tatu. Chini ni mto wenyewe, na kando yake mashamba membamba ya mahindi na miti ya jozi. Juu yake ni majabali na miteremko yenye misitu. Juu kabisa ni nyanda kavu za mawe ya chokaa, ambazo wenyeji huziita causses: mialoni mifupi, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo weupe wenye duara jeusi kuzunguka kila jicho. Pale Cahors mto uko kama mita 120 juu ya usawa wa bahari. Nyanda ziko kati ya mita 300 na 400. Kwa hiyo kila ukiuacha mto utapanda mita 200 au zaidi. Ukifanya hivyo mara tatu kwa siku moja, umepanda mita 600 na ushei, na hujapita mlima hata mmoja wenye jina.

Magari yenye haraka hutafuta sehemu pana na iliyonyooka. Mto unapopinda, ukingo mmoja huwa na ardhi tambarare na mwingine hugusa jabali. Barabara kubwa ilikwenda kwenye nafasi, na ng'ambo ikabaki njia ya wenyeji. Halafu kuna mto Célé, kijito kikubwa kinachoingia Lot pale Conduché. Bonde lake ni jembamba mno, na magari mengi yanayokwenda kati ya Cahors na Figeac hupita juu, nyandani, kupitia Livernon. Kwa hiyo barabara ya Célé, yaani D41, imebaki kwa wakazi, wageni wa kiangazi na sisi.

Katika kila bonde la Ufaransa lenye milima, iwe Lot, Dordogne, Tarn au Aveyron, swali la kwanza ni hilo hilo: magari yamepita upande gani? Ukishalijibu, nenda upande mwingine.

Hatua ya 2: Isome ramani kabla ya kuiamini programu ya simu

Barabara za Ufaransa zina herufi. A ni barabara kuu za kasi, ambako baiskeli hairuhusiwi kabisa. N ni za taifa. D ni za mkoa. C ni za kijiji au manispaa. Kwenye vibao vya njiani namba huandikwa ndani ya kisanduku kidogo: chekundu kwa A na N, cha njano kwa D, cheupe kwa C. Wewe unatafuta za njano zilizo ndogo na nyeupe zote.

Hapa kuna mtego unaowanasa wageni wengi. D si hakikisho la utulivu. Mwaka 2006 serikali kuu ilikuwa imekwisha kuikabidhi mikoa sehemu kubwa ya barabara zake za taifa, na herufi ikabadilika huku malori yakibaki pale pale. N20 ya zamani, iliyounganisha Paris na kusini, hapa sasa inaitwa D820. N111 imekuwa D811. Ukiona D yenye tarakimu tatu inayoanza na 8 au 9, ishuku kwanza. D653 na D662 nazo si za kukimbilia, hasa jirani na Cahors.

Kwenye ramani za karatasi za Michelin, barabara nyekundu na za njano ni zile zinazounganisha miji, na nyeupe ni za ndani. Mstari wa kijani kando ya barabara maana yake mandhari ni ya kupendeza. Mishale midogo juu ya barabara ni ya mwinuko: mshale mmoja ni asilimia 5 hadi 9, miwili ni 9 hadi 13, mitatu ni zaidi ya 13. Mshale huelekea upande wa kupanda. Kwa ukaribu zaidi tumia ramani za taasisi ya taifa ya IGN za kipimo cha 1:25,000, zinazopatikana pia bure kwenye intaneti. Humo mistari ya kontua inakuambia ukweli wote: ikibanana, andaa mapafu.

Sasa fanya hivi. Weka alama kwenye barabara kubwa zote za eneo lako, kwa sababu hizo ndizo kuta za safari yako. Kisha fuata ukingo mwingine wa mto kwa kidole, na kila unapofika kwenye daraja liandike jina lake, maana madaraja hapa yako mbalimbali na ukilikosa moja unaweza kulazimika kurudi kilomita nyingi. (Ukingo wa kushoto ni ule ulio mkono wako wa kushoto ukitazama maji yanakoelekea.) Angalia kama njia inaendelea au inafia shambani kwa mtu. Mwisho fungua picha za barabarani za intaneti na utazame jambo moja: mstari wa katikati. Barabara isiyo na mstari mweupe katikati ni nyembamba, na dereva mwenye haraka haipendi. Ikiwa nyasi zimeota katikati ya lami, umefika peponi.

Programu za njia za baiskeli ni msaada mzuri baada ya hapo, kwa kupima umbali na mwinuko. Usiziachie uamuzi.

Hatua ya 3: Chagua mwezi, kisha chagua saa

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yangu. Julai na Agosti bonde la Célé hujaa magari yenye mitumbwi juu, na kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie hufurika. Joto nalo hupanda hadi ukajuta kuziona nyanda zisizo na kivuli. Kama likizo yako ni Agosti na huna namna, ondoka alfajiri. Barabara za Ufaransa huwa tupu kabla ya saa mbili asubuhi, na huwa tupu tena kati ya saa sita na saa nane mchana, watu wanapokaa mezani. Hiyo ya mchana ni zawadi kubwa: ukiwa umeshakula mapema, pita saa hiyo sehemu zile fupi za barabara kubwa ambazo huwezi kuzikwepa.

Vuli ina mambo yake mawili. Asubuhi ukungu hulala bondeni, mzito, na magari hayakuoni. Washa taa, au anza siku kwa kupanda nyandani, ambako mara nyingi jua limeshatoka. Pili, kuanzia Septemba hadi Februari ni msimu wa uwindaji. Vaa rangi inayowaka, na ukiona kibao cha kutangaza msako au magari yamepangwa kando ya msitu, usiingie kwenye njia za vumbi.

Ukipita mashamba ya mizabibu magharibi mwa Cahors wakati wa mavuno, utakutana na matrekta yenye matela. Simama mahali penye upana yapite. Dereva atakupungia mkono.

Hatua ya 4: Baiskeli, na hasa gia

Huhitaji baiskeli ya bei kubwa. Unahitaji gia nyepesi. Mwinuko wa asilimia 5 maana yake unapanda mita 5 kwa kila mita 100. Kupanda mita 200 kwa mwinuko huo ni kilomita 4. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 2.1. Ukizungusha mara 70 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 9 kwa saa, yaani utafika juu baada ya nusu saa hivi, ukiwa bado unaweza kuongea. Kwa gia nzito za mbio utafika pia, lakini magoti yatakudai kesho yake. Ukibeba mizigo, tafuta gia nyepesi zaidi ya hiyo.

Tairi za upana wa milimita 28 hadi 32 zinatosha, na usizijaze hadi ziwe ngumu kama jiwe. Lami ya barabara ndogo ina vifusi na viraka, na tairi laini kidogo hushika vizuri kwenye kona. Breki zikaguliwe na fundi kabla ya safari. Ukikodi baiskeli, jua kwamba Ufaransa breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto. Jaribu kwenye uwanja mtupu mpaka mikono izoee.

Hatua ya 5: Kufika na baiskeli yako

Cahors ina stesheni kwenye reli ya Paris–Limoges–Toulouse. Kutoka stesheni ya Paris-Austerlitz, treni za Intercités huchukua zaidi ya saa tano, na nafasi ya baiskeli lazima uilipie na kuihifadhi mapema, maana ni chache. Kutoka Toulouse kuna treni za mkoa, na safari ni ya saa moja na ushei. Baiskeli iliyofunguliwa na kutiwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90 husafiri kama mzigo wa kawaida. Figeac nayo ina stesheni, kwa hiyo unaweza kuanzia mji mmoja na kumalizia mwingine.

Anayekuja kwa visa ya Schengen tayari analazimika kuwa na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Isome uone kama inagusa ajali za baiskeli, nyingine hazigusi.

Hatua ya 6: Upande wa kulia, na sheria chache zenye uzito

Wasomaji wa Kongo, Rwanda, Burundi na Oman wanaweza kuruka aya hii. Aliyezoea Tanzania, Kenya au Uganda asome mara mbili. Ufaransa watu hupita kulia, na hatari ya kujisahau ni kubwa zaidi kwenye barabara tupu kuliko mjini, kwa kuwa hakuna gari la kukukumbusha. Akili hurudi kushoto baada ya kusimama: umekunywa maji, umepiga picha, umepanda tena baiskeli ukiwa umetulia, na umeshika upande wa nyumbani. Dawa yake ni kusimama kila mara upande wa kulia, na kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani upande huo.

Kwenye njia panda isiyo na kibao, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita kwanza, hata kama anatoka kwenye kichochoro cha kijiji. Gari linapokupita nje ya mji lazima liache mita 1.5, ndani ya mji mita 1. Mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba, lakini giza likiingia, au gari likitaka kupita, mnajipanga mmoja nyuma ya mwingine. Usiku, au mwanga ukiwa hafifu, nje ya mji fulana inayong'aa ni ya lazima, pamoja na taa mbele na nyuma. Kengele ni ya lazima. Mtoto aliye chini ya miaka 12 lazima avae helmeti. Wewe mtu mzima ivae tu. Vipokea sauti masikioni vimepigwa marufuku na faini yake ni euro 135. Hata kama visingepigwa marufuku, kwenye bonde hili masikio ndiyo kioo chako cha nyuma: jabali hukata sauti ya gari mpaka linapofika kwenye kona.

Hatua ya 7: Mzunguko wenyewe, Cahors–Figeac–Cahors

Huu ndio ninaompa kila anayeniuliza. Fanya kwa siku tatu kama unataka kuona mambo, au mbili kama miguu yako imeshazoea.

Anza Cahors kwenye daraja la Valentré la karne ya 14, lenye minara yake mitatu, ambalo magari hayaruhusiwi kupita. Ukitoka mjini usishike D653. Vuka uende ukingo wa kushoto, upite Arcambal na Pasturat kwa barabara ndogo, ukielekea Bouziès, na uiachie ramani ya IGN ikuonyeshe pa kuvukia. Bouziès yenyewe ina daraja jembamba la kuning'inia, linalopitisha gari moja kwa wakati mmoja. Jirani na hapo kuna njia ya zamani iliyochongwa ndani ya jabali, ambayo watu na wanyama waliipita wakivuta mashua kwa kamba. Mimi hufunga baiskeli kijijini na kuitembea kwa miguu. Ni nyembamba, dari la jiwe liko juu ya kichwa na mto uko chini yako, na ukutani mchongaji wa siku zetu amechonga samaki na konokono.

Vuka daraja, fuata D662 kidogo tu hadi Conduché, kisha ingia kushoto kwenye D41. Sasa umeingia Célé. Pale Cabrerets barabara hupita chini ya jabali lililoinama juu ya lami, na ukutani utaona mabaki ya ngome iliyojengwa ndani ya mwamba. Juu ya kijiji kuna pango la Pech Merle, lililogunduliwa na vijana wawili mwaka 1922, lenye michoro ya farasi wa madoadoa yenye umri wa miaka 29,000 hivi. Wanaruhusiwa watu 700 tu kwa siku, kwa hiyo kata tiketi kabla. Kipande cha kupanda kutoka kijijini ni kifupi lakini kikali. Shuka usukume, hakuna anayekuhesabia. Chukua na koti, maana ndani kuna baridi hata Julai.

Kutoka hapo hadi Figeac ni zaidi ya kilomita 40 za kupanda polepole pamoja na mto. Usiharakishe. Sauliac imejibanza kwenye jabali. Marcilhac ina abasia ambayo nusu yake ni magofu: sehemu ya kanisa haina paa, na nyasi zimeota walipokuwa wakisimama waumini. Kisha Saint-Sulpice, Brengues, na Espagnac-Sainte-Eulalie, yenye mnara wa kengele wa mbao na matofali usiofanana na mwingine wowote hapa. Vijiji hivi vyote vimejipanga kwa namna ambayo kila ukichoka kuna ukuta wa kukalia.

Figeac ni mji wa Jean-François Champollion, aliyezaliwa humo mwaka 1790 na kufumbua maandishi ya Misri ya kale. Lala hapa. Jumamosi asubuhi kuna soko.

Kurudi, epuka kushuka moja kwa moja na D662. Panda Faycelles, kisha pita nyandani kupitia Béduer na Gréalou kwa barabara ndogo, ukiandamana na mahujaji wanaotembea kwenda Santiago de Compostela. Wasalimie, na piga kengele mapema unapotokea nyuma yao. Huku juu upepo ni mwingi na kivuli ni kidogo, ila ndiyo sehemu tulivu kuliko zote. Kisha utateremka hadi Cajarc, mji ulio ndani ya duara la majabali.

Kutoka Cajarc teremka na mto hadi Larnagol, vuka daraja uende ukingo wa kushoto, na ubaki huko: Calvignac iliyo juu ya mwamba, Cénevières na kasri lake, Crégols, hadi Saint-Cirq-Lapopie. Barabara ni D8. Inapanda na kushuka, na kwangu mimi hakuna kilomita bora zaidi katika bonde zima. Saint-Cirq iko kama mita 100 juu ya maji. Ifikie kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, na utaipata bila umati. Toka kwa D40 kuelekea Bouziès, usimame kwenye kituo cha kutazamia cha Bancourel, kisha urudi Cahors kwa njia uliyojia.

Asiyetaka vilima vingi aende upande mwingine, magharibi. Njia ya baiskeli ya V86 ina vibao kati ya Cahors na Aiguillon, ikipita mashamba ya mizabibu na mipindo ya mto kama ule wa Luzech, ambako mto karibu ujizungushe duara zima.

Hatua ya 8: Kupanda na kuteremka

Kupanda: badilisha gia kabla mwinuko haujakubana, kaa kwenye siti, legeza mabega, na anza polepole kuliko unavyojisikia. Theluthi ya kwanza ya mlima ndiyo inayowamaliza watu. Ukisikia huwezi kutamka sentensi nzima, punguza.

Kuteremka kunataka akili zaidi. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake, na tumia zote mbili. Usizikandamize mfululizo mteremko mzima. Zikamate kwa nguvu, ziachie, zikamate tena. Kona zilizo kwenye kivuli cha jabali huwa na unyevu na majani hata siku ya jua. Kwenye barabara yenye nyasi katikati, pita kwenye mkondo wa magurudumu ya magari. Pale katikati hujikusanya mchanga na vijiwe.

Kiangazi kuna jambo jingine linalohitaji jicho. Mikoa hukarabati barabara ndogo kwa kumwaga lami ya moto na kokoto ndogo juu yake, kisha huyaachia magari kazi ya kuzishindilia. Kibao kitaandikwa gravillons. Siku za mwanzo kokoto hizo hutembea chini ya tairi kama punje za mahindi. Ukikiona, punguza mwendo hadi wa mtembea kwa miguu, usiguse breki ya mbele kwenye kona, na gari likija simama kabisa, maana litakurushia mawe. Kibao cha route barrée maana yake barabara imefungwa. Chini ya majabali, kitii: mara nyingi sababu ni mawe yanayoporomoka.

Hatua ya 9: Maji, chakula na salamu

Nyandani mvua huzama ardhini moja kwa moja, kwa sababu mawe ya chokaa yana nyufa kila mahali. Mito ni michache na maduka ni machache zaidi. Beba chupa mbili. Pa kujaza ni makaburini: karibu kila kijiji kina bomba kwenye lango au ukutani mwa makaburi, la kumwagilia maua. Ingia kwa heshima, vua kofia, jaza, funga bomba vizuri. Kibao cha eau potable ni maji ya kunywa. Eau non potable usinywe.

Chakula kina ratiba. Maduka ya vijijini hufungwa saa sita mchana na kufunguliwa tena saa nane au saa tisa, Jumapili mchana hakuna kitu, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hupumzika. Nunua asubuhi: mkate, jibini la mbuzi la Rocamadour, matunda. Soko la Cahors ni Jumatano na Jumamosi asubuhi. Mvinyo mweusi wa Cahors upo kila meza kwa anayekunywa. Uache usiku, baada ya baiskeli kulala.

Na uingiapo dukani, kabla ya kutaja shida yako, sema bonjour, na useme kwa watu wote waliomo. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata taabu hapo. Ukiruka salamu utahudumiwa kwa baridi. Ukisalimu, mwenye duka atakuambia na daraja gani limefungwa wiki hii.

Hatua ya 10: Ikiharibika

Usitegemee kupata fundi kati ya Cahors na Figeac. Beba tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, vyuma vya kutolea tairi, funguo ndogo, kifaa cha kuunga cheni na pedi za breki za akiba. Pancha nyingi hapa hutokana na vijiwe vikali na miiba iliyokatwa kandoni mwa barabara. Ukishatoa tyubu, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi lote kabla ya kuweka nyingine, la sivyo mwiba ule ule utakutoboa tena.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka, kwa sababu mtandao hupotea chini ya majabali. Ukipata ajali piga 112, au 15 kwa gari la wagonjwa. Watakuuliza uko wapi. Kando ya barabara nyingi za mkoa utaona vijiguzo vyeupe vyenye kichwa cha njano, vimeandikwa namba ya barabara na umbali hadi kijiji cha mbele. Wasomee kilichoandikwa pale, herufi kwa herufi: D41, kisha jina la kijiji, kisha kilomita. Kama hakuna kiguzo karibu, taja kijiji cha mwisho ulichopita na upande uliokuwa ukielekea, na mwenzako asimame kabla ya kona akiwa na fulana inayong'aa ili magari yapunguze mwendo.